Mbona Watoto Wana Minyoo Wengi Kuliko Wazee?

Najua wapo watakaoona neno "minyoo" hapo juu wafunue ukurasa mbio wakatafute mashairi na vitendawili. Subirini kidogo, jamani! Wahenga walisema mficha uchi hazai. Minyoo si jambo la kuonewa aibu, na hesabu yake, nawaambia, ina utamu kama wa kitendawili chochote.

Nilichochewa kuandika na maneno ambayo nimeyasikia nyumbani na hata bwenini. Mtu husema hivi: "Babu yangu ameoga mtoni tangu enzi za ukoloni. Hajameza kidonge cha minyoo hata kimoja, na mpaka leo analima. Basi mtoto naye aachwe azoee. Mkimpa dawa kila mwaka, mwili wake utakuwa mvivu." Maneno haya yana ladha ya ukweli, na ndiyo sababu ni ya hatari. Wazee kweli huwa na minyoo wachache kuliko watoto. Lakini je, ni kwa nini? Na je, dawa humnyima mtoto ile kinga ambayo babu alijipatia? Nimeuliza walimu, nimesoma, nimepiga hesabu kwa kalamu na kalkuleta, na hapa nawapa nilichokipata.

MNYOO ASIYEZAANA MWILINI

Mimi ni mzaliwa wa Mwea, huko Kirinyaga kwenye mashamba ya mpunga. Mnyoo wetu sisi ni wa kichocho cha tumbo. Ndiye huyohuyo anayewasumbua ndugu zetu wa kando ya Ziwa Viktoria na wa sehemu za Machakos na Makueni. Pwani, kama vile Kwale na Tana River, kuna nduguye anayekaa karibu na kibofu na kumfanya mtu akojoe damu.

Safari yake mnaikumbuka kutoka darasa la Baiolojia. Mayai hutoka na choo na kufika majini. Yanaanguliwa, kijidudu kinaingia kwa konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono anatoa vijidudu vingi vyenye mkia. Hivi huogelea mchana jua likiwaka, hasa saa zilezile ambazo watoto wako majini, vikapenya ngozi ya mtu. Ndani ya mwili hukua wakawa minyoo, dume na jike, na hukaa wawili wawili katika mishipa ya damu. Jozi moja hutaga mayai kama 300 kwa siku. Karibu nusu ya mayai hutoka nje. Mengine hunasa ini na utumbo, na ni hayo yaliyonasa yanayoumiza, wala si mnyoo mwenyewe.

Sasa shikeni jambo moja, maana hesabu yote imesimama juu yake. Mnyoo huyu hazaani ndani ya mwili. Vijidudu vya homa vikiingia viwili, kesho ni maelfu. Mnyoo wa kichocho, la! Ukiwa na minyoo mia moja, basi mmoja mmoja wote mia moja walipenya ngozi yako. Kwa hiyo mwili ni kama pipa la maji. Kinachojaza ni kile kinachoingia, na kinachopunguza ni kile kinachokufa. Basi.

HESABU YA KWANZA

Wataalamu wakitaka kuelewa jambo kubwa hutengeneza kielelezo cha hisabati. Neno lisiwatishe. Kielelezo ni kijiji cha kubuni kwenye karatasi, ambacho sheria zake umeziweka wewe mwenyewe, kisha unatazama sheria hizo zinakufikisha wapi. Zikikufikisha mahali ambapo kijiji cha kweli hakipo, unajua kuna sheria moja uliyoiweka vibaya au uliyoisahau.

Hebu tuvibuni vijiji viwili, Mtoni na Kisimani. Mtoni watu huingia majini daima, na kila mtu hupata jozi 40 mpya za minyoo kwa mwaka. Kisimani maji ya kisima yapo, kwa hiyo mtu hupata jozi 10 tu. Mnyoo wa kichocho huishi kwa wastani wa miaka kama mitano, ingawa wengine huishi zaidi sana. Basi tuseme kila mwaka moja kwa tano ya minyoo hufa.

Mtoto wa Mtoni mwaka wa kwanza ana jozi 40. Mwaka wa pili 8 zinakufa na 40 zinaingia, amefika 72. Mwaka wa tatu ana 98 hivi. Endeleeni na kalkuleta zenu. Mwaka wa kumi atakuwa na 179, na wa ishirini 198. Kisha hesabu inakwama karibu na 200 na haishuki kamwe, kwa sababu moja kwa tano ya 200 ni 40, na wanaokufa wamelingana na wanaoingia. Kisimani mtu atakwama kwenye 50.

Mnaona neno hapo? Kwa sheria hizi, mwenye minyoo wengi kuliko wote kijijini ni babu! Mtoto amekaa majini miaka michache tu, babu miaka sabini. Grafu inapanda, inalala, haishuki.

Yuko mnyoo anayeifuata grafu hiyo karibu sawasawa, na huyo ni wa safura. Safura huongezeka na umri, na watu wazima huwa nayo nyingi kama vijana au kuwazidi. Lakini kichocho sivyo. Kwa kichocho, popote kilipozoeleka, wingi wa mayai hupanda tangu utotoni, hufika kilele karibu na umri wa miaka 10 hadi 15, kisha hushuka kwa watu wazima.

Jambo hili nimeliona nyumbani kwetu. Wapimaji walipopita, mdogo wangu wa miaka kumi na mmoja na babu yetu walipimwa pamoja. Upimaji wenyewe ni rahisi. Choo kidogo, miligramu 41.7, hutandazwa kwenye kioo, mayai yakahesabiwa kwa hadubini, kisha idadi ikazidishwa kwa 24 ili kupata mayai katika gramu moja. Kwa mdogo wangu walihesabu mayai 25. Zidisheni wenyewe: 600. Kuanzia 400 kwenda juu huhesabiwa kuwa maambukizo mazito. Kwa babu, ambaye ameshinda ndani ya mifereji ya mpunga maisha yake yote, hawakuona hata yai moja. Babu akacheka, akasema, "Si niliwaambia? Mwacheni huyo azoee kama mimi!" Nami sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Ndipo nikaanza kutafuta.

WASHUKIWA WATATU

Kitu gani kinachoishusha grafu? Wapo washukiwa watatu.

Wa kwanza ni TABIA. Labda watu wazima wana minyoo wachache kwa sababu tu hawachezi majini. Mtoto huogelea, mzee hunawa miguu akaenda zake.

Wa pili ni UZOEFU. Labda mwili wenyewe hujifunza. Umeshambuliwa na minyoo miaka mingi, ukawatambua, ukaanza kuwazuia wapya wasiingie. Hii ndiyo kinga ambayo babu anaisifu.

Wa tatu ni UMRI WENYEWE. Labda mwili wa mtu mzima ni mgumu kwa mnyoo kwa sababu umekomaa, awe ameonja kichocho au hajakionja.

Kwa macho tu huwezi kuwatenganisha hawa watatu, kwa sababu wote hutembea pamoja. Anayezeeka amebadilisha tabia, amepata uzoefu na umri umesonga. Hapa ndipo kielelezo kinapokuwa na faida, kwani kila mshukiwa huacha alama yake ya miguu.

HESABU YA PILI

Tumjaribu TABIA kwanza. Tuseme huko Mtoni na Kisimani watu wote hucheza majini mpaka miaka 15, halafu wanaacha. Mtoni kilele kitakuwa jozi 193 na Kisimani 48. Urefu wa vilele ni tofauti, lakini vyote viwili vinatokea mwaka uleule wa 15, kwa sababu ndio mwaka ambao watu walitoka majini.

Sasa tumjaribu UZOEFU. Tutafanyaje mwili ujifunze? Mnyoo wa kichocho ni mjanja. Akiwa hai hujifunika kwa vitu vya mwili wa mtu, mfano wa mwizi aliyevaa sare ya shule akajipanga nasi paredi. Mlinzi anampita tu. Lakini mnyoo akifa, sare inachanika na vilivyokuwa ndani vinaonekana. Hapo ndipo mwili unapoiona sura yake halisi. Basi tuweke sheria hii: kila jozi moja inayofia mwilini inapunguza wageni wa mwaka huo na wa miaka yote inayofuata kwa asilimia moja. Zikishakufa jozi mia, mlango umefungwa.

Nimepiga hesabu ya miaka minane ya kwanza, nikakadiria hadi namba nzima:

Mwaka wa: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8
Mtoni: 40, 69, 86, 93, 92, 83, 69, 55
Kisimani: 10, 18, 24, 28, 31, 32, 33, 33

Tazameni vizuri. Grafu sasa inashuka! Mtoni kilele ni 93, mwaka wa nne. Kisimani kilele ni 33 tu, nacho kinachelewa hadi mwaka wa saba, halafu kinashuka polepole, na mwaka wa kumi kimefika 31. Anayeshambuliwa sana hujifunza upesi, naye anayeshambuliwa kidogo huchelewa kujifunza. Kwa hiyo penye minyoo wengi kilele huwa kirefu na cha mapema, na penye wachache huwa kifupi na cha kuchelewa.

Msiichukue miaka minne au saba kama ilivyo. Asilimia moja ile niliichagua mimi ili hesabu iwe nyepesi, na vijiji vya kweli huchukua miaka mingi zaidi. Cha maana ni mwelekeo. Kilele kinahama, na TABIA peke yake, kama kila kijiji kina mazoea yaleyale, haiwezi kukihamisha.

Wanahisabati wakubwa walilifikia jambo hili muda mrefu kabla yangu. Roy Anderson na Robert May waliandika juu ya kinga ya jamii dhidi ya minyoo katika jarida la Nature mwaka 1985. Baadaye wataalamu, Mark Woolhouse akiwa mmoja wao, walikusanya takwimu za sehemu mbalimbali na kuonyesha kwamba kilele huhama kweli. Mwaka 1992 A. J. C. Fulford na wenzake walitumia takwimu za kichocho kutoka hapahapa Kenya kuuliza swali hilohilo. Kwa hiyo msidhani hesabu hizi ni za watu wa ng'ambo tu. Mito iliyohesabiwa ni yetu.

USHAHIDI WA MTONI

Hesabu hudokeza tu. Anayeamua ni ushahidi. Nitawapa mitatu.

Wa kwanza unatoka Machakos. Miaka ya 1980, A. E. Butterworth, R. F. Sturrock, J. H. Ouma na wenzao waliwatibu watoto wa shule, kisha wakakaa kando ya mto na kuandika nani ameingia majini, kwa muda gani, na akifanya nini. Fikirieni kazi hiyo, kushinda juani unahesabu nani anafua na nani anaogelea! Baadaye wakawapima tena. Wapo watoto walioingia majini sana na wakapata minyoo tena upesi. Wapo wengine walioingia vilevile sana, lakini hawakupata au walipata kidogo, na hawa kwa wastani walikuwa wakubwa kidogo kwa umri. Basi TABIA ina sehemu yake, lakini haiwezi kubeba kesi yote. Kuna kinga kweli. Huko Gambia nako, P. Hagan na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba waliokuwa na kingamwili nyingi za aina ya IgE dhidi ya mnyoo hawakuambukizwa tena kwa urahisi. Watoto wadogo huwa na chache za aina hiyo, tena wana nyingi za aina nyingine ambayo huziba njia.

Wa pili ni wa watu waliohamia penye kichocho. Huko Masongaleni, Makueni, familia zilihamia kutoka sehemu ambazo hazikuwa na ugonjwa huu. Wakubwa kwa wadogo walianza kuingia maji yenye kichocho wakati mmoja. Kama UZOEFU ungekuwa ndio sababu pekee, baba na mtoto wangelingana, kwani wote ni wanafunzi wapya. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha watoto wakiwa na mayai mengi kuliko watu wazima, kama ilivyo katika vijiji vya zamani. Hali kama hiyo ilionekana kaskazini mwa Senegal, mjini Richard-Toll, ambako kichocho cha tumbo kililipuka baada ya bwawa la Diama kukamilika mwaka 1986. Watu wazima walikuwa na mayai machache, ingawa ugonjwa ulikuwa mgeni kwa wote. Lo! Kumbe mshukiwa wa tatu, UMRI WENYEWE, naye alikuwepo siku ya tukio.

Wa tatu unatoka Kisumu, nao ndio ulionifurahisha zaidi. Wapo wanaume wanaofanya kazi ya kuosha magari wakiwa wamesimama ndani ya Ziwa Viktoria. Kazi yao haiwaruhusu kutoka majini, kwa hiyo TABIA haikubadilika. Wote ni watu wazima. Diana Karanja wa Taasisi ya Utafiti wa Kitiba ya Kenya, yaani KEMRI, na wenzake waliwafuatilia. Kila mmoja alipopatikana na kichocho alitibiwa, akarudi ziwani, akaambukizwa, akatibiwa tena. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Baadhi ya wanaume hao walianza kuchukua muda mrefu zaidi na zaidi kabla ya kuambukizwa tena. Miguu iko ndani ya maji yaleyale, lakini minyoo hawaingii kama zamani! Si wote waliopata kinga hiyo, na miongoni mwa wenye virusi vya Ukimwi, wale ambao chembechembe zao za kinga zilipungua waliipata kwa shida.

Kwa hiyo hukumu ni ipi? Washukiwa wote watatu wana mkono. Watu wazima huingia majini kidogo, miili yao imekomaa, na tena imejifunza. Na kujifunza kwenyewe ni kwa polepole, kwa kuwa mwalimu ni mnyoo anayekufa, na mnyoo huchukua miaka kufa.

JE, DAWA HUIBA KINGA?

Sasa turudi kwa swali la babu. Tukimtibu mtoto, tunamharibia masomo ya mwili wake?

Tumpime kila mshukiwa kwa zamu. Kama ni TABIA tu, basi hakuna kinga yoyote ya kuibiwa. Kama ni UMRI WENYEWE, dawa haiwezi kuiba, kwani hakuna kidonge kinachomzuia mtu kukua. Kinga itakuja siku yake ikifika.

Linabaki la UZOEFU, na hapa lazima tuwe waangalifu. Kama kinachofundisha mwili ni mnyoo anayekufa, dawa inasaidia. Mkirudi kwa mtoto wetu wa Mtoni, mwisho wa mwaka wa tatu ana jozi 86, na jozi 22 zimeshakufa zenyewe. Mpeni dawa iwaue wote 86. Ghafla idadi ya waliokufa ni 108, na katika kielelezo chetu mlango umefungwa mwaka mmoja kabla ya kile kilele cha 93. Amejifunza kwa siku moja somo ambalo lingemchukua miaka mingine mitano. Mwili wa kweli haujifunzi haraka namna hiyo, na wale wa Kisumu walihitaji kutibiwa mara nyingi, lakini mwelekeo ni huo.

Lakini mkibadilisha sheria, mkasema kinachofundisha ni mnyoo aliye hai anavyokaa muda mrefu, hesabu inageuka. Aliyetibiwa hurudi nyuma katika masomo, na dawa zikikatizwa ghafla huenda akaja kuwa na minyoo wengi ukubwani kuliko ambaye hakutibiwa. Anderson na May waliona tangu mwaka 1985 kwamba jambo kama hilo linawezekana katika hesabu. Ndiyo maana kazi ya Kisumu ina uzito. Ilionyesha kwa watu halisi kwamba kutibiwa mara kwa mara hakukuwaondolea kinga, bali baadhi yao waliipata wakiwa wanatibiwa. Na hata kama ile sheria ya pili ingekuwa ya kweli, funzo lake lingekuwa moja tu: ukianza kutibu, usiache katikati, na usitegemee dawa peke yake.

Kisha kuna gharama, ambayo babu huwa haitaji. Rudini kwenye kilele cha Mtoni. Jozi 93, kila moja mayai 300, ni mayai 27,900 kwa siku moja. Karibu nusu hubaki mwilini. Huyo ni mtoto wa shule ya msingi, siku ambazo anatakiwa kurefuka, kuongeza damu na kujifunza kusoma. Mayai yale huleta maumivu ya tumbo na upungufu wa damu, humdumaza mtoto, na baada ya miaka mingi huweza kuliharibu ini. Basi babu hakuipata kinga yake bure. Aliilipia karo, tena karo yenyewe ilikatwa kwenye maini yake alipokuwa mdogo. Na sisi tunawaona wazee waliomaliza masomo hayo salama tu. Wale ambao ini liliharibika mapema hawapo barazani watuhadithie.

Nilimweleza babu hesabu hii likizo iliyopita, kwa heshima, nikitumia punje za mchele badala ya minyoo. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza, "Hiyo dawa inamezwa kabla ya kula au baada?" Nikamjibu, "Baada, babu." Mdogo wangu alimeza vidonge vyake wiki hiyo.

MAMBO YA KUSHIKA

Wenzangu, nisiwachoshe. Kuna mambo manne ambayo ningependa myabebe mkirudi nyumbani.

Kwanza, dawa ya kichocho, praziquantel, huua minyoo waliokomaa. Haiui vizuri walio wachanga, wala haizuii wapya. Ndiyo sababu hurudiwa. Mtoto hupimwa urefu kwa fimbo maalumu ili kujua ameze vidonge vingapi, na ni afadhali awe amekula, maana huweza kumtia kichefuchefu. Ile ya kidonge kimoja ya minyoo wa udongo, kama mchango na safura, ni albendazole. Hizi ni mbili tofauti, msizichanganye.

Pili, mpango wa taifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo mashuleni ulianza mwaka 2009 na ukapanuliwa mwaka 2012. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye maambukizo ya asilimia 10 au zaidi, wote kuanzia miaka miwili wapewe dawa ya kichocho, si watoto wa shule tu. Kwa hiyo msiwasahau wale wadogo wanaobebwa mgongoni mama akifua mtoni, wala wazazi wanaosimama kwenye mpunga.

Tatu, minyoo hawagawanywi sawa. Kijijini watu wachache hubeba minyoo wengi kuliko wengine wote wakijumlishwa. Ukimwona mtu mmoja hana neno, usiseme kijiji kizima ni kizima. Babu mmoja si takwimu.

Nne, dawa hupunguza maji ndani ya pipa, lakini choo na maji safi ndivyo vinavyoufunga mfereji. Kwenye hesabu yetu, tofauti ya Mtoni na Kisimani haikuwa dawa wala kinga. Ilikuwa kisima. Yai lisilofika majini halimpati konokono, na mtoto asiyelazimika kuoga mtoni hahitaji kujifunza somo lile hata kidogo.

Na wale wanaouliza kila siku darasani, "Mwalimu, hizi hesabu zitatusaidia nini maishani?" jibu mnalo sasa. Chukueni daftari, anzeni na jozi 40, badilisheni sheria mnavyotaka, na atakayepata grafu ambayo mimi sikuipata alete tuitundike kwenye ubao wa matangazo wa chama chetu. Elimu ni bahari, lakini hii mnaweza kuiogelea bila kuogopa kichocho!

Kwaherini, na kinga ni bora kuliko tiba.